Mshauri wa Nyuma ya Shuka

Onesmo aliingia nyumba ya ushauri ya misheni na jogoo kwapani, maana tangu azaliwe hajaona mtu akienda kutibiwa mikono mitupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyo jogoo?" aliuliza Mama Klara, aliyekuwa akipokea watu.

"Wa kumpa mganga."

"Hapa hakuna mganga. Kuna mshauri. Hachanji, hapigi ramli, hatoi mizizi. Wewe unasema, yeye anasikiliza. Basi."

"Basi?"

"Basi. Na utakachosema hakitoki humu ndani."

Onesmo nusura ageuke arudi. Alikuwa na likizo ya siku saba kutoka mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, mbili zimeshaliwa na basi bovu, na akirudi kambini bila mkewe amekwisha. Nyamizi alikuwa amechukua watoto watatu na sufuria zote akaenda kwa mama yake Runzewe. Ujumbe aliomwachia ulikuwa mfupi: abaki na huyo mwanamke wake. Mwanamke gani? Hapakuwa na mwanamke. Palikuwa na jambo baya kuliko mwanamke, na alisikia dawa yake iko hapa misheni.

"Mshauri mwenyewe ni nani?"

"Ni mpya, ana wiki mbili. Si mwenyeji wa hapa Kahama. Haya, jina lako, na umetoka wapi?"

Akamtajia. Mama Klara akaingia chumba cha ndani. Kikasikika kiti kikiburuzwa, kisha minong'ono ya haraka. Akatoka, akachomoa shuka kabatini, akajaza misumari mdomoni, akarudi ndani kugongagonga. Alipomwita Onesmo, chumba kilikuwa kimekatwa katikati kwa shuka, ukuta hadi ukuta.

"La nini hilo?"

"Ndivyo mtakavyoongea."

Ahaa! Onesmo akaelewa palepale. Mzungu! Sista fulani kaja na meli na utaalamu wake wa Ulaya, Kiswahili hajui, uso hataki uonekane. Wazungu bwana, hata kusikiliza wamekutafutia shuka! Na alipoona Mama Klara akiingiza kichwa nyuma ya shuka, akinong'onezwa, kisha akitoka na swali, hakuwa na shaka tena. Huyu ndiye mkalimani.

"Anauliza, kilichokuleta ni nini?"

"Mama mkwe wangu. Ndiye anayempa mke wangu kiburi."

Mnong'ono. "Anauliza, uliwahi kumsikia akimpa?"

"Nimsikie wapi? Mwambie Sista kwamba kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani, hawasemeshani. Miaka tisa! Nikimwona njiani narukia kichaka hiki, yeye anarukia kile. Lakini mtu unamjua tu. Domo lile! Wanasema akikohoa, fisi wa Runzewe wanahama. Mwambie na hilo."

"Amesikia," alisema Mama Klara, macho darini.

Mnong'ono mwingine, mfupi na mkali. "Anauliza, mke aliondoka kwa sababu gani hasa? Mwache mama mkwe."

Onesmo alimshika jogoo miguu, akamwachia, akamshika tena. Kisha akapiga hesabu yake: huyu siku moja atarudi kwao Ulaya. Atamwambia nani huko, na nani huko anamjua Onesmo? Hata mama yake mzazi hajamwambia. Heri hili shuka.

"Mwamba ulimwangukia Mageni, mwenzangu wa shifti," alisema. "Tulikuwa wawili. Nilikaa naye gizani tangu asubuhi hadi walipotufukua jioni, namsemesha, kumbe alishakata roho zamani. Tangu siku hiyo, nikilala..." Akatazama mlango. "Nikilala nakojoa kitandani. Mimi! Baba wa watoto watatu! Nikahamia jikoni, nikamwambia Nyamizi eti joto. Akiuliza, namfokea. Akinifuata, namfukuza. Nikaona afadhali aamini nina hawara."

Hapo akalia. Hakulia kiume, alilia kwa kelele na makamasi, mpaka jogoo akapiga mbawa na kukimbilia chini ya meza. Onesmo hakumjali. Alipomaliza kifua kilikuwa chepesi, na akashangaa hadi akaudhika. Maneno tu? Bila hata chale moja?

Safari hii mnong'ono ulikuwa mrefu. Mama Klara alitoka akijifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Anasema huo si uchawi wala si utoto. Marehemu mumewe alirudi hivyohivyo kutoka vita vya Mjerumani. Wakawa wanaanika godoro nyuma ya nyumba, anamsimulia aliyoyaona huko, kidogo kidogo, mpaka yakaisha."

"Mayu wane, mama yangu we! Sista alikuwa na mume?"

"Na anasema siri yako hataitoa. Utamwambia mkeo mwenyewe, kwa mdomo wako, leo hii. Yuko uani, walihamia huku wote kutoka Runzewe, anachambua mchele."

Onesmo alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Nyamizi? Yuko hapa? Sista amemjulia wapi mke wangu?"

"Sista gani?" alisema Mama Klara, akimshika bega na kumsukumia mlangoni. "Hebu toka upesi, na usigeuke nyuma. Mama mkwe wako anataka kupita."