Viti Viwili vya Nchi ya Mawe

Wanyama walipokuwa bado na baraza, kila nchi ilipewa viti viwili. Nchi ya Mawe, huko magharibi, ilikaliwa na pimbi wachache tu. Mwaka mmoja wazee wao waligombana juu ya nani aende, viti vikabaki vitupu, na baraza likawapa nyumbu chemchemi ya pimbi.

Mwaka uliofuata alikuja Bi Pimbi na kaka yake.

Nyumbu akacheka. "Shangazi, watu wenu wote wanaenea kivulini mwangu. Kiti kimoja kinawatosha. Mwambie kaka yako ainuke."

"Hainuki. Tulipokosa kukaa hapa, mlikunywa maji yetu."

"Basi viti vigawanywe kwa wingi. Walio wengi wachukue vyote."

"Vizuri, mjomba. Kaka, waite siafu. Hakuna walio wengi kama wao."

Nyumbu alitazama chini, akainua kwato moja, kisha nyingine.

"Viwili viwili," akasema upesi, "kama zamani. Tuendelee na mambo mengine."

"Tutaendelea," akasema Bi Pimbi, akijiweka sawa kitini. "Tunaanza na chemchemi."