Pingamizi Dhidi ya Namuria

"Jina langu usiandike," Abei alisema.

Mkuu wa kituo cha polisi aliweka kalamu chini. Vumbi la Kakuma lilikuwa likiingia dirishani na kutua juu ya mafaili. "Umemwona huyu Namuria akiwauzia wanafunzi pombe?"

"Kule Lokichoggio, kabla hajaja hapa. Kwa macho haya mawili."

"Na wewe ni nani wa Aukot, mwenye leseni?"

"Nimemzalia watoto watatu."

Mkuu akaichukua kalamu tena. Abei hakuwa amefika Lokichoggio hata siku moja.

Duka la Aukot lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa cha unga, sukari na sabuni. Cha nyuma kilikuwa cha bia, na leseni ya pombe ilining'inia humo ukutani ndani ya fremu. Kwa miaka kumi na mmoja Abei ndiye aliyeipangusa fremu hiyo kila asubuhi. Sasa Aukot alikuwa ameomba leseni na chumba chake vihamishiwe kwa Namuria, binti wa miaka ishirini na minne, mwenye shingo ndefu na baba mwenye ngamia wengi kule Namoruputh.

"Anakulipa nini?" Abei alikuwa amemuuliza.

"Tumeelewana."

"Mmeelewana nini?"

"Mama Atiir, mambo mengine utayajua yakiiva." Aukot alicheka. Akachomoa uzi kwenye gunia la unga alilokuwa akifungua, akamzungushia Abei shingoni, akafunga fundo pale ncha zilipokutana. "Siku hizi unakonda. Nani anakunyima chakula?"

Akauvua uzi, akautia mfukoni, akatoka akipiga mluzi. Njia aliyoshika ilipita mlangoni kwa Namuria. Abei alimsindikiza kwa macho mpaka mluzi ukaisha.

Siku mbili baadaye Deeqa, Msomali aliyekuwa na duka la jumla ng'ambo ya barabara, alimwita.

"Abaayo, dada yangu, huyu mzee yako anaoa? Amebeba tumbaku kilo mbili kwangu, na blanketi nzuri ya mzee. Na yeye hata sigara havuti!"

"Labda ni ya kuuza."

"Tumbaku ya kuuza anachagua jani moja moja? Wacha mchezo."

Deeqa alicheka peke yake. Abei alijua, kama kila Mturkana ajuavyo, kwamba mwanamume hachagulii tumbaku na blanketi mzee asiye na binti. Kisha mpita njia akaleta habari kwamba Aukot ameonekana Namoruputh mara mbili, akiulizia dume la ng'ombe lenye madoa. Dume la namna hiyo halitafutwi kwa ajili ya mchuzi. Huchomwa mkuki mbele ya wazee siku ya harusi, na likishaanguka, mwanamke huvishwa pete ya shaba shingoni. Hapo ndipo anapokuwa mke, na hakuna awezaye kumrudisha kwao. Abei mwenyewe, pamoja na watoto wake watatu, hakuwahi kuvishwa.

Tangu siku hiyo, kila Namuria alipoinama kufagia chumba cha nyuma alichokuwa akikiandaa, Abei aliiona pete ile, ambayo bado haikuwapo, iking'aa kwenye shingo yake ndefu. Chakula kilimgomea. Akigusa shanga zake mwenyewe, alihisi zinamkaba. Mwishowe alijifunga leso, akaenda kituoni.

Kikao cha leseni kilifanyika Lodwar, siku ya Jumatano, katika chumba chenye feni isiyozunguka. Afisa wa polisi alisoma pingamizi kwa Kiingereza, karani akalirudia kwa Kiswahili: mwombaji aliwahi kuwauzia wanafunzi pombe.

"Mimi?" Namuria aliruka. "Mimi Loki nilikuwa nauza mandazi!"

"Hiyo kesi ya mandazi peleka kwingine," mwenyekiti alisema, na watu wakacheka.

Aukot alisimama. "Nipeni mwezi mmoja tu nilete mashahidi. Kuna wazee wananingoja."

"Na wakungoje. Polisi wamepinga, ombi limekataliwa."

Namuria aliangua kilio. Aukot akatoka nje kupiga simu. Kwenye benchi la mwisho, Abei alihisi ubaridi mtamu ukimshuka kifuani, kama maji ya kwanza ya kisima kilichochimbwa mchangani, mtoni. Alie, alijisemea. Alie mpaka shingo imwume.

Kesho yake asubuhi, Abei alipotoka kuchota maji, alimkuta mgeni ameketi kwenye kigoda uani kwake. Alikuwa Ekidor, baba yake mzazi, aliyesafiri kutoka Kalemng'orok. Mabegani alikuwa na blanketi jipya. Shavu lake lilikuwa limejaa tumbaku.

"Ejok, baba," Abei alimsalimu.

Mzee alimtazama Aukot, aliyekuwa amesimama mlangoni akiwa ameinamisha kichwa.

"Baba yake Namuria amegeuza ngamia wake njiani, na lile dume pia. Anasema bila leseni hatoi mifugo." Akatema tumbaku mchangani. "Miaka kumi na mmoja nimengojea mahari yako, Aukot. Sasa binti yangu na watoto wake watatu wanarudi nyumbani na mimi."

Akafungua ncha ya blanketi, akatoa pete mpya ya shaba, akamrudishia Aukot. Ilikuwa bado imefungwa uzi wa gunia la unga, wenye fundo.