Barua Chini ya Godoro

Siku ya thelathini na moja tangu kaka yake afariki, Ashrafu aliitoa barua chini ya godoro, akapiga mluzi.

Aliipokea mwenyewe mlangoni, wiki ya msiba. Mjumbe wa hoteli alikokuwa akifanya kazi marehemu Hija aliambiwa mjane amekaa eda, haonani na wanaume wa nje, basi akamkabidhi shemejiye. Ashrafu alisoma ukurasa wa kwanza. Bima ya afya ya wafanyakazi ingekoma siku thelathini tangu kifo. Mwanafamilia aliyekuwamo angeweza kuendelea nayo, mradi aombe kabla ya siku hizo kwisha. Zikipita, hana haki tena.

Hakuona haja ya kusoma zaidi. Hija aliiandikisha nyumba yao ya mtaa wa Dunda kwa jina la mkewe, Mwaija, na jambo hilo lilimkaa Ashrafu kooni. Mwanamke huyo na augue sasa, aiuze nyumba ajitibu!

Mwezi mzima alikula wali wa Mwaija na kumjulia hali kwa sauti ya asali.

"Shemeji, una haja ya chochote?"

"Niletee madaftari ya wanafunzi tu, nisahihishe," Mwaija alijibu nyuma ya pazia.

Leo alipopita ukumbini, mama yake, Bi Esha, alikuwa keshajifunga kanga za safari, kikapu miguuni. Mara mbili kwa wiki alikwenda Dar kusafishwa damu. Figo zake zilikuwa zimechoka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Ashrafu akaipenyeza barua chini ya pazia la chumba cha Mwaija.

"Nisamehe, shemeji. Hii ilinipotea."

Karatasi zilichakarika. Kisha akamsikia Mwaija analia, kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa upande wa kanga. Ashrafu alifurahi, tena sana.

"Ndiyo hivyo, siku zimepita. Sasa utafanyaje?"

"Mimi na wanangu tuna kadi yangu ya bima ya ualimu," alisema Mwaija. "Ashrafu, ukurasa wa pili uliusoma?"

Karatasi ikarudishwa chini ya pazia. Kwenye orodha ya familia ya Hija iliyokuwa katika bima, palikuwa na jina moja tu.

"Ashrafu, baba," Bi Esha aliita kutoka ukumbini, "njoo unishikie kikapu. Na ile kadi ya bima aliyonikatia Hija, usiisahau."