Vikorokoro vya Tarumbeta

Ekidor alinyoosha kidole akaonyesha tarumbeta, na Ibrae akajifanya ameonyeshwa taa.

"Hii ya chemni?" akauliza, tayari akiishusha.

"Hapana, jirani. Hiyo ya kupuliza."

Kwa miaka miwili tarumbeta hiyo ilikuwa imening'inia juu ya mashuka na redio katika duka la Mama Asli, pale Wabera, na hakuna mtu aliyewahi kuiulizia. Asubuhi hiyo hiyo Mama Asli alikuwa amesema wazi kwamba mwezi ukiisha kabla tarumbeta haijatoka, atakayetoka ni Ibrae. Sasa mnunuzi amefika, na kati ya watu wote wa Isiolo ni Ekidor, fundi wa baiskeli, ambaye chumba chake kule Kiwanjani na chumba cha Ibrae vimetenganishwa na bati moja tu.

Na Ibrae alikuwa mtu wa usingizi. Wengine hupenda nyama, wengine hupenda habari za watu. Yeye alipenda kulala, na zaidi ya yote ule usingizi wa Jumamosi mchana, duka likishafungwa saa saba. Leo ilikuwa Jumamosi. Alimtupia jicho Mama Asli, aliyekuwa kaunta na chai yake ya maziwa ya ngamia, akisikiliza kila neno. Asipouza, hana kazi. Akiuza, hana usingizi. Jamani, roho ilimuuma.

Ndipo akakumbuka sheria ya duka. Mtu anayenunua chombo cha muziki mara ya kwanza hajui anachohitaji, kwa hivyo aambiwe, na asiondoke na chombo kitupu. Basi Ibrae angemwambia. Angemlimbikizia vikorokoro mpaka awe na kila kitu isipokuwa nafasi ya kupuliza.

"Ndiyo mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza." Ekidor alipiga mwayo mrefu. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyepikia kuni mbichi. "Hii si ndiyo ile ya kule kambi, ile inaamsha askari?"

"Ndiyo hiyo."

"Inaamsha kila mtu?"

"Hata aliyezikwa," Ibrae akasema kwa uchungu.

"Basi hiyo iko sawa."

Ibrae akaanza na sanduku. "Vumbi ya hapa ikiingia ndani, tarumbeta imekwisha. Funga na kufuli, halafu ufunguo mpe mtu mwenye akili akae nao."

"Huyo yuko."

Yakafuata mafuta. "Ukishapaka, unaiacha siku tatu. Usiiguse hata kidogo." Ekidor akatoa kipande cha karatasi mfukoni na kuandika: siku tatu. Ibrae akapata moyo. Akapangusa vumbi kwenye kitabu cha mafunzo, kinene, cha Kiingereza kitupu. "Hiki nacho unasoma chote kwanza, ndiyo unaweka mdomo. Ukiharakisha, midomo inafura."

"Chote?"

"Chote. Miezi minne hivi."

Ekidor akaandika hayo pia, akapiga mwayo mwingine.

"Hulali vizuri, jirani?"

"Kelele," Ekidor akasema kwa mkato.

Ibrae alitikisa kichwa kwa huruma. Mtu analalamikia kelele, kisha anakuja kununua tarumbeta! Kweli binadamu ni mtihani. Lakini kazi ni kazi, akashusha kizibo kikubwa cha mbao. "Hiki unakiingiza mdomoni, sauti inabaki huko huko ndani."

Ekidor alikipokea, akakigeuza, akakipima kwa vidole. Kisha akautazama mdomo wa Ibrae kwa muda.

"Mdomo ya tarumbeta peke yake?"

"Peke yake."

"Basi hicho hapana," akasema, akakirudisha kwa masikitiko.

"Na pamba je? Ya masikio ya majirani?"

"Pamba tulijaribu."

Ibrae hakusikia vizuri, kwa kuwa Mama Asli alikuwa ametabasamu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Idi. Alivifunga vyote kwa kamba na kumsaidia Ekidor kuvipakia kwenye baiskeli. Siku tatu na miezi minne! Kazi anayo, usingizi anao. Alijiona mjanja kuliko Isiolo yote.

Saa saba alifunga duka, akaenda nyumbani kwa mwendo wa bwana arusi. Ajabu, wapangaji wa ploti nzima walikuwa wamekaa nje kivulini, na kila mtu alimwamkia kwa adabu. Gumato, mkewe, alikuwa ameshamtandikia kitanda.

"Pumzika, Baba Halkano," akamwambia kwa upole. "Lala kabisa."

Ibrae alilala chali, mikono tumboni. Upande wa pili wa bati palikuwa kimya. Usingizi haukukawia kumchukua.

Kilichomrusha kitandani hakikutoka upande wa pili wa bati. Kilitokea sikioni mwake. Gumato alikuwa amesimama kando ya mto, mashavu yamemvimba, ufunguo wa kufuli shingoni, tarumbeta mkononi. Na nyuma yake mlangoni, Ekidor na ploti nzima walikuwa wakipiga makofi.

"Kitabu nitasoma nikipata nafasi, na hizo siku tatu majirani wamekataa kungoja," Gumato akasema. "Sasa geuka, lala kwa ubavu. Umeanza tena kukoroma."