Kitasa cha Mlango wa Mbele

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Suna, Scovia alishika kitasa cha shaba, kizito mkononi. Mumewe alifariki nyumba yao ikiwa imeshaezekwa, imebaki milango na rangi tu.

"Hiki ndicho baba watoto alikitaka," alimwambia shemeji yake, ambaye wazee walikuwa wameamua kwamba ndiye atakayemrithi awe mke wake.

"Baba watoto hayuko tena, shemeji." Akamtoa kitasa mkononi polepole, akakirudisha kwenye rafu, akachagua kingine cha chuma.

Muuzaji akamgeukia Scovia. "Mama, umekipenda?"

Scovia alikitazama kile cha shaba kwenye rafu.

Shemeji alijaribu funguo zote mbili, zikafungua vizuri. Mmoja akampa Scovia. Wa pili akautia mfukoni mwake, kisha akaomba waonyeshwe rangi za chumba cha kulala.