VPN Inayopita Sebuleni Kwangu

Siku hizi siri za kampuni haziruhusiwi kupita kwenye mashine tupu. Lazima zipite nyumbani kwa mtu: mfanyakazi apige hodi, mwenye nyumba aitikie, ndipo njia ifunguke. Mjukuu wangu Zawena ana kampuni ya ramani za mashamba, na wafanyakazi wake kila mmoja yuko mji wake. Alitafuta VPN, hiyo njia ya siri ya mtandaoni, mpaka akachoka, akanichagua mimi.

"Bibi, wewe ndiye wa bei nafuu."

"Mke mwenzangu, si useme ndiye mzuri?"

Basi kila asubuhi namimina chai, na spika ya ukutani inaanza. Hodi ya Kigoma, hodi ya Lamu, hodi ya Mbeya yenye mafua yake. Naitikia karibu, karibu, nao wanapita. Tangu babu yake Zawena atangulie, nyumba haijachangamka hivi.

Jana Zawena alikuja amenuna. Kampuni ya rafiki yake imeibiwa kila kitu na mgeni aliyepiga hodi akaitikiwa, na imekufa.

"Bibi, unawajua wote wanaoingia?"

"Kwa sauti. Hata yule mpole wa mwisho, anayeniuliza kama nimekula."

Akashusha kikombe. "Wangu hawana adabu hiyo. Bibi, huyo si wetu! Usimwitikie tena."

Nikaahidi.

Leo wafanyakazi wake wote wamepita. Kisha ikaja hodi ya polepole. Nikanyamaza. Hodi ya pili, ya tatu, sikuitikia. Baada ya hodi ya tatu mgeni huondoka, lakini huyu alibaki mlangoni.

"Bibi, unaumwa?"

Aliuliza kwa huruma kweli.

"Mzima, mwanangu," nikasema. "Karibu."