Doa Alivyofundishwa Kunyamaza

Kulikuwa na mama mbwa aliyekosa usingizi kwa sababu ya mwanawe, Doa. Kila kuku aliposogelea chakula chake, Doa alinguruma, na mwenye nyumba alikuwa ameshasema, "Huyu akijeruhi kuku, anaondoka hapa."

Mama akamwendea Kasuku, aliyejiita mwalimu wa tabia.

"Akinguruma tu, mchape," Kasuku alisema.

"Umewahi kulea mbwa, mwalimu?"

"Mama Doa, umekuja kutaka msaada au ubishi?"

Mama akamchapa Doa, roho ikimuuma. Doa akanyamaza kabisa, na Kasuku akajisifu ua mzima.

Asubuhi moja Jogoo akadonoa chakula cha Doa. Doa hakutoa sauti. Alimrukia akamng'ata bawa.

"Mwanangu, umefanya nini?" Mama alilia.

"Zamani nilikuwa nawaonya wasisogee, mama. Ukanikataza."

Mwenye nyumba akaja na kamba, akamfunga Doa shingoni na kumtoa getini. Mama akapiga mbio kumtafuta Kasuku. Alimkuta juu ya ukuta, akimwambia Mama Paka, "Akitoa kucha tu, mchape."